Bibi Marta kwenye Tanuru la Kharumwa

4 Novemba

Amefika. Nilimtarajia mzungu mrefu mwenye kofia. Aliyeshuka garini ni mwanamke mfupi kuliko mimi, miaka themanini na mmoja, mkono mmoja fimbo, mwingine umekumbatia sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tanuru liko wapi?"

Hakuomba maji wala kiti. Nikampenda hapo hapo, na nikamwogopa kidogo.

Anaitwa Martta Koskivaara, wa Ufini, mbunifu wa vioo vya sanaa. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshamfanya Bibi Marta. Deogratias, mume wangu, kaniletea daftari hili kutoka shuleni anakofundisha. Anasema mambo haya yasipoandikwa, mwakani kila mtu atayasimulia kivyake. Basi naandika. Mimi ni Dorika Stanslaus, mzaliwa wa Ushirombo, mwenye tanuru la kioo hapa Kharumwa, na kadiri nijuavyo hakuna lingine wilaya ya Nyang'hwale nzima.

5 Novemba

Joto kali. Bibi kalala kutwa nyumba ya wageni. Tumechuja oili chafu ya kuwashia tanuru.

7 Novemba

Leo kaniuliza nilianzaje. Nikamweleza kwamba miaka tisa nilikuwa mchomaji wa dhahabu. Wachimbaji waliniletea mzigo wao wa mwisho, nikauyeyusha kwa boraksi, unga wa kusafishia dhahabu, mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema Dorika kanipunja. Dhahabu ikishatoka, kwenye kikombe hubaki utando wa kioo, kijani, mara nyingine rangi ya asali. Wenzangu waliugonga wakautupa. Mimi niliuweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku moja nikajiuliza kwa nini natunza takataka, nikaona ni kwa sababu naipenda kuliko dhahabu yenyewe. Nikaenda Arusha miezi minane kwa fundi mmoja kujifunza kupuliza kioo, nikarudi nikajenga tanuru langu la matofali na udongo wa kichuguu. Linakula oili chafu ya magari na chupa za bia.

Naye akanieleza ya kwake. Alizaliwa kwenye kijiji chenye kiwanda cha vioo, baba yake akikata kuni za kiwanda. Akiwa na miaka ishirini alikuja kukaa na dada yake, muuguzi pale hospitali ya Kolandoto, miaka miwili. Ndiko alikopata Kiswahili chake, ambacho ni kizuri ila kimezeeka: anasema "motokaa". Aliporudi kwao akaingia chuoni, kisha kiwandani, na kwa miaka hamsini kazi yake ilikuwa kuchora vyombo vya kioo. Kanionyesha picha. Kuna bakuli lililokaa kama ganda la barafu, kuna vinara, kuna glasi za kunywea maji ambazo anasema nyumba nyingi za kwao hazikosi. Vyombo vyake viko kwenye majumba ya makumbusho. Kiwanda kilishafungwa.

Mwezi wa pili jumba moja la makumbusho litafanya maonyesho ya kazi za maisha yake yote, na wameomba chombo kimoja kipya. Mikono yake inatetemeka. Daktari mmoja aliyekuwa Kolandoto alimwonyesha kwenye simu picha ya chombo changu cha kijani.

"Nikasema, huyu anaijua moto," aliniambia.

"Anaujua moto," nikamsahihisha.

Akacheka mpaka akashika fimbo. Anaondoka tarehe kumi na moja Januari. Ana miezi miwili, chombo kimoja, na mimi.

13 Novemba

Kafungua sanduku. Ndani mna kalibu nne za mti wa kwao, kila moja ya vipande viwili vinavyofungana kama ganda la karanga. Unailoweka kalibu majini, unapuliza kioo cha moto ndani yake, mti unaungua, na mikunjo ya mti inabaki kwenye kioo. Kila chombo kinatoka na sura yake. Mchoro wenyewe ni wa chombo cha kimo cha goti, ngozi yake kama ziwa lililoganda likianza kupasuka majira ya baridi yakiisha.

"Wewe umewahi kuona ziwa limeganda?" kaniuliza.

"Nimeona friji likiganda."

Hamza alicheka kule kwenye oili. Huyu ni Hamza Abdulshakur, mimi namwita Baba Zuwena kwa jina la binti yake, naye ananiita Mama Kulwa kwa mapacha wangu, Kulwa na Doto. Ana miaka hamsini na miwili. Alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Bulyanhulu hadi goti likakataa ngazi, na sasa ni mwaka wa sita tunafanya kazi pamoja. Mimi napuliza, yeye anazungusha bomba, anashika kalibu, analisha moto. Hatuongei sana. Hatuhitaji.

14 Novemba

Mvua ya kwanza. Dakika kumi, kisha harufu ya udongo.

19 Novemba

Mchwa wamekula kalibu.

Sanduku nililiweka mimi, chini, juu ya gunia, kwenye sakafu ya udongo ya stoo. Mimi niliyezaliwa nchi ya mchwa. Leo asubuhi Hamza kalinyanyua, likabaki mkononi mwake mfuniko tu. Ndani mlikuwa udongo na vijimti vyepesi kama biskuti.

Bibi Marta alikaa juu ya ndoo akasema maneno ya kwao, mafupi, mengi.

"Nani aliliweka chini?"

"Mimi, bibi."

Aliinuka kwa fimbo. "Ni vema umesema mwenyewe." Akarudi nyumba ya wageni peke yake, polepole.

22 Novemba

Tumejaribu kalibu ya mninga. Ilitoa moshi mzito, kioo kikatoka na madoa kama ngozi ya mgonjwa. Bibi kasema, "Hapana." Tumejaribu tena. "Hapana." Neno hilo analijua vizuri kuliko yote.

23 Novemba

Mvua. Hapana.

28 Novemba

Nimeacha mti. Nimefinyanga kalibu ya udongo wa kichuguu niliochanganya na pumba za mpunga, ndogo, ya kujaribia. Niliianika juani nikaenda kumwona fundi wa feni inayopuliza moto wa tanuru, niliporudi ilikuwa imekauka haraka mno na ndani yote imepasuka nyufa. Hamza alishaikamata aitupe.

"Acha kwanza, Baba Zuwena."

Niliigeuza kwenye mwanga. Nyufa zile nazijua. Ni mbuga yetu mwezi wa kumi, udongo mweusi umejikata vipande, kila kipande kinatazama juu kikingoja. Nikaichoma vile vile, nikaipaka masizi ndani ili kioo kisinate.

2 Desemba

Kimetoka! Si kirefu, urefu wa kiganja na nusu, kijani cha chupa, na nyufa zote zimekaa juu ya ngozi yake, mwanga ukipita ndani zinang'aa kingo. Bibi Marta kakishika kwa mikono yote miwili, kaenda nacho mlangoni. Nikasema moyoni, linakuja lile neno lake.

"Hii si barafu yangu," akasema.

"Hapana, bibi. Ni mbuga kabla ya mvua."

"Miaka hamsini nimechora barafu," akasema, "na haijawahi kunikalia hivi."

Kisha akaomba karatasi, na hapo nikaona kwa macho yangu kazi ya mbunifu ni nini. Nilikuwa nafikiri ni kuchora tu na kuagiza. Alinyanyua bega la chombo kwa upana wa kidole kimoja. Akaufanya mguu mnene. Akasema nyufa ziwe kubwa chini, zipungue kadiri zinavyopanda, hadi shingoni pawe laini kabisa kama maji. Basi. Chombo kikasimama pale kwenye karatasi kama mtu aliyeitwa jina lake. Mimi nisingeliona bega lile hata kwa mwaka mzima.

Nalala na furaha.

5 Desemba

Kalibu kubwa imeanza. Tunaikausha nusu juani, nusu kivulini, nyufa zije pale tunapotaka.

9 Desemba

Leo nimezima tanuru.

Saa nne mwanamke wa jumba la makumbusho alipiga simu ya video. Bibi alimwonyesha chombo kidogo, mwanamke akashika mashavu kwa furaha. Wakaongea, Bibi akawa ananitafsiria. Kitaandikwa hivi kwenye kibao: Martta Koskivaara, kioo, Kharumwa, Tanzania.

"Na jina langu?" nikauliza.

Bibi Marta hakunitazama. "Jina la mpulizaji haliandikwi. Kwetu ni hivyo tangu zamani. Mbunifu ndiye anatia saini."

"Kalibu ni ya nani?"

"Dorika, sikiliza."

"Nyufa ni za nani, bibi? Mikono yangu haikuokotwa njiani. Ina mwenyewe."

"Ni desturi ya kazi," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Wapulizaji wakubwa kuliko wewe wameikubali."

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mimi sikukufuata Ufini. Wewe umenifuata Kharumwa." Nikamgeukia Hamza. "Funga oili."

Mkono wake ukasimama juu ya koki. Alijua, nami nilijua, kwamba tanuru likipoa na kioo ndani, chungu cha kuyeyushia kinapasuka.

"Mama Kulwa, una hakika?"

"Funga."

Kafunga. Ule mngurumo tuliouzoea mwezi mzima ukakata, tukasikia kuku wa jirani.

10 Desemba

Mvua kutwa. Hakuna aliyekuja.

11 Desemba

Deogratias kaniambia wakati wa chakula, "Una haki. Ila haki yenyewe sasa imekaa ndani ya tanuru baridi." Nilimwongezea mchuzi.

12 Desemba

Bibi Marta kaja kwa miguu kutoka nyumba ya wageni, kwenye tope, viatu mkononi, fimbo inazama. Nilimwona toka mbali, sikwenda kumpokea. Nilitaka kwenda.

Alikaa kwenye benchi la kazi, nikamletea maji ya kunawa miguu. Akaanza kusema huku ananawa.

Miaka thelathini na mmoja vyombo vyake vyote vilipulizwa na mtu mmoja, Veikko. Yeye akichora, Veikko anatazama mchoro anasema, "Hapa patapasuka," na hakuwahi kukosea. Siku Veikko anastaafu walikuwa wawili tu ofisini. Akaomba kitu kimoja: aandike jina lake chini ya glasi moja. Moja tu, aende nayo nyumbani.

"Nikamwambia kiwanda hakiruhusu," Bibi akasema. "Kalamu ya almasi ya kuandikia kioo ilikuwa mfukoni mwangu, Dorika. Na ofisini pale kiwanda hakikuwepo. Nilikuwepo mimi." Akafuta mguu mmoja, kisha wa pili. "Alisema, haya, asante. Akavaa kofia. Alikufa majira ya baridi yaliyofuata."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Sikuja kukulilia," akaendelea. "Jana niliwapigia watu wa makumbusho. Nimewaambia ni majina mawili, au waweke meza tupu na waandike kwamba ni meza."

"Chungu kimepasuka, bibi. Na nilijua kitapasuka."

"Nilijua unajua."

Tukatazamana, na Mungu anisamehe, tukaanza kucheka wote wawili kama wasichana wa shule.

13 Desemba

Mimi na Hamza tumefinyanga chungu kipya. Bibi kapondaponda chupa, kakataa kusaidiwa.

20 Desemba

Chungu kinakauka. Mvua haikatiki.

25 Desemba

Noeli. Misa, pilau, watoto. Bibi Marta kaimba wimbo wa kwao mezani, Kulwa na Doto wakamfuatisha bila kujua wanasema nini.

29 Desemba

Chungu kizima. Tumewasha moto.

2 Januari

Tumejaribu kile kikubwa mara mbili. Cha kwanza kilianguka toka kwenye bomba. Cha pili kilipasuka begani. Bibi kasema, "Karibu." Ni neno jipya.

4 Januari

Naandika kabla sijalala.

Tulianza saa tatu asubuhi. Kioo kilikuwa safi, bila hata kipovu. Nilichota mara nne, kila mchoto juu ya mwenzake, hadi mwisho wa bomba pakawa na mzigo wa kilo sita unaong'aa kama jua la saa moja. Hamza akazungusha. Kioo cha moto hakingoji mtu: bomba likisimama kwa pumzi mbili, kinadondoka upande mmoja na kazi imekwisha.

Wingu lilikuwa limekaa toka alfajiri. Wachimbaji sita waliokuwa wakipita, Amosi wa mtaani kwetu na wenzake, walijibanza chini ya bati letu mvua ilipoanza. Ikaja ya upepo, ikipiga kwa mshazari. Nilikuwa nimeshapuliza pumzi ya kwanza, nimerudisha kioo tanuruni kipate moto kabla ya kuingia kwenye kalibu, ndipo umeme ukakatika. Feni ikazima. Moto ndani ukaanza kubadilika, toka mweupe kwenda njano.

"Jenereta!" nikapiga kelele. Lakini anayeiwasha jenereta ni Hamza, na Hamza alikuwa na bomba.

Akasema bila kugeuka, "Amosi! Nyuma ya stoo! Kamba ni ngumu, vuta kwa mkono wa kushoto!"

Wachimbaji na jenereta ni ndugu, kila siku wanavuta maji mashimoni. Amosi akakimbilia mvuani. Wakati huo bati moja likanyanyuka, maji yakaanza kutiririka juu ya Hamza, yakalowesha glovu zake, na chuma cha moto kikageuza maji yale kuwa mvuke. Niliuona ukitoka kati ya vidole vyake. Akazivua glovu kwa meno, moja moja, bila kusimamisha bomba, akaendelea kuzungusha kwa mikono mitupu mahali ambapo mimi nisingegusa kwa kitambaa.

"Acha, Baba Zuwena!"

"Puliza wewe," akasema. "Mimi nazungusha."

Jenereta ikalia. Feni ikaamka, moto ukarudi mweupe. Bibi Marta alikuwa amesimama kwenye maji, amenyanyua mkono, macho yake kwenye kioo tu, mtetemo wote umemwisha. "Bado," akasema. "Bado. Sasa!"

Tukakishusha. Hamza akafunga kalibu kwa goti lake baya, nikapuliza kwa pumzi yote niliyozaliwa nayo. Nikahesabu kumi. Tukafungua.

Sikukitazama. Tulikimbia nacho hadi kwenye tanuru la kupozea, ambamo lazima kilale siku mbili kipoe taratibu, la sivyo kinajipasua chenyewe. Nikafunga mlango kwa udongo, nikageuka, nikaona maji ya mtaa mzima yanakuja moja kwa moja kwenye msingi wa tanuru hilo.

"Dada, rudi nyuma," akasema Amosi. Wakachukua majembe na sururu zetu. Watu wale wanaochimba mwamba walichimba mtaro kwenye udongo laini kwa muda ambao wengine wangekuwa bado wanatafuta wapi pa kuanzia. Maji yakageuka kwenda barabarani, hatua tatu toka kwenye matofali.

"Wabeja sana," nikawashukuru kwa Kisukuma. Amosi akauliza ni dhahabu kiasi gani iko mle ndani. Nikamwambia hakuna, ni kioo. Akafikiri. "Basi lazima ni kioo kizuri."

Viganja vya Hamza vimefungwa bendeji zahanati. Anasema haviumi. Anadanganya.

5 Januari

Tunangoja.

6 Januari

Nilibomoa mlango saa mbili asubuhi. Kilikuwa kizima.

Sitakielezea sana. Kimesimama kwenye mguu wake mnene, nyufa zinaanza chini pana kama mbuga kavu, zinapanda zikipungua, na kuanzia begani ni laini hadi mdomoni, kijani kilichoiva. Ukikitazama toka chini kwenda juu, mvua inafika. Nimeishi miaka thelathini na minane na sijawahi kujivuna hivi, wala sioni haya kuandika.

Bibi Marta akatoa kalamu ya almasi. Tukakilaza juu ya blanketi. Akaandika jina lake chini ya mguu, taratibu, mkono wa kushoto umeshika wa kulia. Akanipa kalamu. Nikaandika Dorika Stanslaus. Kioo kililia kidogo chini ya ncha.

Nikanyanyua kichwa, nikamwona Hamza. Alikuwa amebeba ndoo kwa kiwiko, kwa kuwa viganja havishiki, anatoka nje kwenda kusafisha kalibu.

"Hongereni sana," akasema.

Hapo nikasikia kama nimemwagiwa maji. Miaka sita vyombo vyangu vinauzwa Mwanza vimeandikwa DORIKA chini. Miaka sita huyu mtu ananizungushia bomba. Na mimi ndiye niliyezima tanuru kwa ajili ya jina.

"Baba Zuwena. Weka ndoo."

Akasimama.

"Mbona hujawahi kusema?"

Akatazama ndoo, si mimi. "Mama Kulwa, nilikuwa nangoja uulize."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu. Bibi Marta alikuwa anaangalia pembeni, naye alijua vizuri mahali niliposimama.

Nikamwomba Hamza radhi, pale pale, mbele ya mgeni. Kisha nikamnyooshea kalamu. Mkono wa kulia haukuweza kuifunga, akaishika kwa vidole viwili vya kushoto, akaandika ulimi ukiwa nje kama mwanafunzi, herufi kubwa, zimepinda, zimechukua nafasi kuliko zetu mbili pamoja: HAMZA ABDULSHAKUR WA BULYANHULU.

11 Januari

Bibi Marta kaondoka, chombo kimefungwa kwenye sanduku la bati mapajani mwake. Mlangoni mwa gari nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Akaniambia, "Fundi haniamkii. Nipe mkono." Nikampa.

Vipaji vyake sitavipata. Nimebaki na michoro yake kumi na miwili, na jana nimechora wa kwanza wangu. Bega nimelinyanyua mwenyewe.

21 Februari

Maonyesho yamefunguliwa. Bibi Marta katuma picha. Chombo chetu kiko katikati ya chumba cheupe, watu wamekizunguka wamevaa makoti mazito. Picha ya pili ni kibao. Zuwena, binti yake Hamza, kakisoma kwa sauti mbele ya tanuru, Amosi na wenzake wakisikiliza: Martta Koskivaara, Dorika Stanslaus, Hamza Abdulshakur. Kioo. Kharumwa, Tanzania.

Watu wakapiga makofi. Hamza akaichukua simu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Wamekosea," akasema.

"Wamekosea nini, baba? Jina lako hili hapa."

"Wamekata 'wa Bulyanhulu'." Akanirudishia simu kwa kiganja chenye ngozi mpya. "Mama Kulwa, waandikie. Waambie warekebishe."

Nimewaandikia. Leo jioni wamejibu kwamba kesho asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, kibao kitakuwa kimebadilishwa.